Daraja Lisimamiwe Kabla Zege Halijakauka

Hotuba kwa wakazi wa kisiwani na Likoni, Mombasa

Waheshimiwa wawakilishi wadi, wazee wetu wa mitaa ya Likoni na Mtongwe, kina mama, vijana mnaosomea uhandisi na sheria, na nyote mliovuka kivuko jioni hii mkaja kukaa nasi: asalamu aleikum, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa Bunge katika kusimamia ujenzi wa daraja la umma. Nitazungumza nikilitazama daraja moja hasa, lile tunalolisubiri juu ya mkondo wa Kilindini ili liunganishe kisiwa na Likoni, ambalo Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa mkopo wa awamu yake ya kwanza na shirika la JICA la Japani mwaka 2019. Ninalotaka kulisema ni moja, na mengine yote nitakayoyataja yanalitumikia hilo. Usimamizi wa Bunge hufaa pale unapofanyika wakati michoro bado iko mezani, zege bado halijamwagwa na hundi bado haijaandikwa. Ukicheleweshwa hadi baada ya utepe kukatwa, kamati hubaki na kazi ya kuandika tanzia ya fedha zilizokwisha kwenda, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nianze kwa kuondoa dhana moja. Mtu asidhani kwamba anayedai usimamizi mkali analipinga daraja. Kila siku zaidi ya watu 300,000 huvuka kivuko cha Likoni, na hapa hakuna nyumba isiyojua maana ya kusimama kwenye mteremko ule wa feri jua likiwaka, mgonjwa akiwa ndani ya gari la wagonjwa na feri moja imeharibika. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye MV Harambee katikati ya mkondo, likazama na mama na mtoto wake, na hawakuopolewa hadi Oktoba 11. Sisi tuna haki kuliko mtu yeyote ya kulitaka daraja. Na kwa sababu tuna haki hiyo, tuna haki pia ya kutaka liwe daraja litakalosimama, lililolipiwa kwa bei yake ya kweli, na ambalo watoto wetu hawatalipia mara ya pili.

Hatari yetu kubwa imo ndani ya hamu yetu yenyewe. Watu wakisubiri kitu kwa miaka mingi, huwa rahisi kuambiwa kwamba kila swali ni ucheleweshaji, kwamba anayeomba kuona mkataba ana ajenda yake, na kwamba mfadhili atakasirika aondoke na fedha zake. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi katika vyumba vya kamati. Ukiyachunguza, aghalabu utayakuta yanatoka kwa mtu ambaye jibu la swali lile analo na hataki kulitoa.

Sheria yetu, kwa upande wake, haikuliacha jambo hili gizani. Ibara ya 95 ya Katiba ya mwaka 2010 inalipa Bunge la Taifa jukumu la kusimamia mapato ya taifa na matumizi yake, na kuvisimamia vyombo vya dola. Ibara ya 125 inaipa kila kamati ya Bunge mamlaka ya kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, na nguvu zile zile za Mahakama Kuu za kumlazimisha afike na kulazimisha nyaraka zitolewe. Ibara ya 229 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akamilishe ripoti yake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na Bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea.

Hebu tuzifuate tarehe hizo. Mwaka wetu wa fedha humalizika Juni 30. Shilingi iliyolipwa kimakosa mwezi wa Julai itakaguliwa pamoja na hesabu za mwaka mzima, ripoti itoke kufikia Desemba ya mwaka unaofuata, na Bunge liijadili kufikia Machi. Hiyo ni miezi ishirini tangu kosa lilipotendeka, na hapo nimechukulia kwamba kila mtu ametimiza wajibu wake kwa wakati. Katika miezi ishirini nguzo za daraja huwa zimeshapanda kutoka majini. Mhandisi aliyeidhinisha malipo huenda amehamishiwa mradi mwingine, na mkandarasi mdogo aliyeleta chuma kibovu amefunga ofisi. Ukaguzi wa hesabu ni kazi tukufu na siudharau hata kidogo. Ila ni kazi ya kutazama nyuma, na wabunge wakiutegemea huo peke yake, wamekubali kufika kila mara wakiwa wamechelewa.

Nilifanya kazi kwa muda mrefu nikizihudumia kamati, nikiandaa muhtasari wa mambo na kutunza kumbukumbu za mashahidi, kwa hiyo niruhusuni niwaonyeshe kikao kinavyokwenda. Wizara au mamlaka inayohojiwa huleta jalada lake asubuhi ile ile ya kikao, nene kama msahafu wa juzuu zote, limefungwa vizuri na lina picha za rangi za mitambo. Mbunge ana dakika chache za kulifungua. Macho hukimbilia kurasa za mwanzo, ambako pameandikwa kwamba kazi imefikia asilimia fulani. Karatasi yenye maana iko nyuma kabisa, nayo ni hati ya malipo ya muda. Hiyo ina safu za kazi iliyokubaliwa katika mkataba, kazi iliyopimwa hadi mwezi huo, kiasi kilicholipwa awali na kiasi kinachodaiwa sasa. Asiyejua kuisoma huiruka. Anayejua huweka kidole kwenye safu ya kazi iliyopimwa, akauliza: nani aliipima, lini, na je, kipimo hicho kiliandikwa katika daftari la eneo la ujenzi siku ile ile au kiliandikwa ofisini mwisho wa mwezi? Nimeshuhudia swali hilo moja likikinyamazisha chumba kizima. Natamani kila mbunge wa Pwani alijue, na natamani kila jalada liletwe siku saba kabla ya kikao, la sivyo kikao kiahirishwe na aliyechelewesha atajwe katika kumbukumbu rasmi.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwani kuna daraja moja la ng'ambo ambalo habari zake zinatufaa sana. Huko California, Marekani, tetemeko la ardhi la Oktoba 17, 1989 liliangusha kipande cha daraja linalounganisha miji ya San Francisco na Oakland. Jimbo likaamua kujenga upya upande wote wa mashariki. Mwaka 1997 makisio yalikuwa karibu dola bilioni 1.3. Daraja lilipofunguliwa Septemba 2013 gharama ilikuwa imefika karibu dola bilioni 6.4. Kumbukeni kwamba hilo ni jimbo tajiri, lenye wahandisi wa kila aina na bunge lenye wataalamu wake wa utafiti. Mradi wa namna hiyo unaweza kuwaponyoka hata wao.

Miezi michache tu kabla ya kufunguliwa, mwezi wa Machi 2013, mafundi walianza kukaza bolti ndefu za chuma, za unene wa inchi tatu, zilizofunga vifaa vya kulizuia daraja lisiyumbe wakati wa tetemeko. Zilikuwa 96. Ndani ya siku chache 32 kati yake zilikatika. Uchunguzi ulionyesha kwamba haidrojeni ilikuwa imepenya ndani ya chuma kile kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika kinapovutwa. Bolti zilikuwa zimepakwa zinki, ingawa mwongozo wa idara yenyewe ya usafiri ulikuwa umetahadharisha dhidi ya kukipaka zinki chuma cha kiwango hicho cha ugumu, na zilikuwa zimekaa miaka tangu 2008 ndani ya mashimo yaliyokusanya maji. Zilikuwa zimeshazikwa ndani ya zege, kwa hiyo hazikuweza kung'olewa na kubadilishwa. Ilibidi ibuniwe tandiko kubwa la chuma la kufanya kazi ambayo bolti zile zilishindwa kuifanya, na fedha nyingine za umma zikaenda huko.

Hapa ndipo ninapotaka mtege sikio. Tangu mwaka 2005 sheria ya jimbo ilikuwa imeunda kamati ya kusimamia miradi ya madaraja yanayotozwa ushuru. Wanachama wake walikuwa wakuu watatu wa taasisi za usafiri, mmoja wao akiwa mkuu wa idara yenyewe iliyokuwa ikijenga. Basi usimamizi ulikuwepo kwenye karatasi, una jina na mihuri, lakini mjenzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha anayemkagua mjenzi. Kamati ya Seneti ya jimbo hilo inayohusika na usafiri na makazi, chini ya uenyekiti wa Seneta Mark DeSaulnier, ilifanya uchunguzi wake na vikao vya hadhara mwaka 2014. Mbele yake walikuja wataalamu walioeleza kwamba walipotoa wasiwasi juu ya ubora wa uchomeleaji wa vyuma vilivyotengenezwa China, waliwekwa kando au walihimizwa wasiuweke wasiwasi huo kwenye maandishi. Ushahidi huo ulikuwa na thamani kubwa. Lakini ulitolewa daraja likiwa limeshafunguliwa na magari yanapita juu yake. Maseneta walifanya kazi nzuri iliyochelewa, na wenyewe walitambua hivyo, kwani mengi ya mapendekezo yao yalihusu miradi itakayofuata.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi California kutafuta ushahidi. Kule Budalang'i, kaunti ya Busia, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia lilianguka Juni 2017 likiwa bado linajengwa, siku chache baada ya viongozi wa juu kulitembelea na kupigwa picha. Mafundi waliumia. Ziara ya kiongozi kwenye eneo la ujenzi si usimamizi, na ningependa wabunge wetu waache kuzihesabu ziara zao katika ripoti za kamati. Mtu akiwa amevaa kofia ya chuma na koti la kung'aa haoni kama jukwaa linaloshikilia zege bichi limefungwa sawasawa. Hilo linaonekana katika hesabu za mhandisi, katika cheti cha kupima ubora wa zege baada ya siku 28, na katika saini ya msimamizi aliyeruhusu zege limwagwe. Karatasi hizo tatu zikihitajika mezani kila mwezi, kazi mbovu hukosa pa kujificha.

Nije kwenye jambo ambalo huwapa watu wengi usingizi lakini ndilo mlango wa fedha, nalo ni mabadiliko ya mkataba. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu kutiwa saini, kinaweka kikomo cha asilimia 20 kwa ongezeko la kiasi cha kazi za ujenzi, na kinasema kwamba mabadiliko yote kwa jumla yasiizidishe bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25. Vikomo hivyo ni vizuri. Hata hivyo, kifungu cha 4 cha sheria hiyo hiyo kinautoa nje ununuzi unaofanyika chini ya makubaliano ya Kenya na serikali au mashirika ya nchi nyingine. Maana yake ni kwamba daraja linalojengwa kwa mkopo wa nchi rafiki linaweza kuendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa ndani ya mkataba wa mkopo, na vikomo tunavyovijua visilifikie. Kwa hiyo swali la kwanza la mbunge wa Mombasa, kabla ya bei na kabla ya urefu wa daraja, liwe hili: mradi huu unaongozwa na kanuni zipi za ununuzi, na nani ana mamlaka ya kuidhinisha nyongeza? Akijibiwa kwamba ni mhandisi mshauri pamoja na mamlaka ya barabara tu, basi aombe azimio la Bunge kwamba kila nyongeza iletwe mbele ya kamati kabla ya kulipwa.

Kuhusu mkopo wenyewe, Katiba imetupa chombo chepesi ambacho sioni kikitumiwa inavyostahili. Ibara ya 211 inasema kwamba Bunge la Taifa au Seneti ikipitisha azimio la kutaka taarifa juu ya mkopo fulani, waziri wa fedha anatakiwa ndani ya siku saba aiambie kamati deni limefika kiasi gani pamoja na riba, fedha zimetumika au zitatumikaje, na mpango wa kulipa ukoje. Siku saba tu. Mkopo wa daraja hulipwa kwa miongo mingi, na wengi watakaoulipa hawajazaliwa. Azimio hilo lingeweza kupitishwa kila mwaka bila kumgombanisha mtu na mtu.

Sasa fidia, na hapa naongea na ndugu zangu wa Likoni hasa. Ibara ya 40 inataka mtu anayenyang'anywa mali kwa manufaa ya umma alipwe haraka, kikamilifu na kwa haki. Nyinyi mnajua ardhi ya Pwani ilivyo. Wako wenye hati, wako wenye barua ya chifu, wako waliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine kwa makubaliano ya kizamani, mwenye ardhi akipokea kodi ya kiwanja na mwenye nyumba akimiliki kuta na paa. Tume ya Ardhi ikija na daftari lake, ni rahisi jina la mwenye hati liandikwe na la mwenye nyumba lisahaulike. Jambo hili halingoji ukaguzi wa hesabu. Kamati ya Bunge ije hapa Likoni kabla ya malipo ya kwanza, daftari lisomwe hadharani mtaa kwa mtaa, na aliyeachwa asimame aseme. Ikisubiri hadi tingatinga lishapita, nyumba iliyobomolewa haina tena wa kuipima.

Daraja la kuelea la Liwatoni nalo lina funzo, na nitalitaja kwa ufupi. Lilijengwa kwa haraka kipindi cha korona ili kupunguza msongamano wa feri, na watu wakaanza kulitumia mapema mwaka 2021. Haraka ile ilikuwa na sababu zake. Lakini daraja la watembeao kwa miguu lililokaa juu ya njia ya meli za Kilindini lilihitaji kipande chake cha kati kifunguliwe kila meli inapopita, na maswali kuhusu saa za kufungua, gharama za kuliendesha na hatima yake bandari ikipanuka yalikuwa maswali ya kuulizwa siku ya bajeti. Daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kule Dongo Kundu, na lile la Mwache, nayo yatadai matengenezo kwa miaka mingi katika hewa hii ya chumvi inayokula nondo. Sijaona kamati ikiuliza fungu la matengenezo kwa bidii ile ile inayouliza fungu la ujenzi.

Waheshimiwa wawakilishi wadi mtaniuliza: sisi tunaingia wapi, na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa? Ni kweli kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeziweka huko. Lakini jedwali hilo hilo limezipa kaunti usafiri wa umma, feri na bandari ndogo, ukiacha masuala ya meli za kitaifa na za kimataifa. Na Ibara ya 195 inalipa bunge la kaunti mamlaka ya kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au taarifa. Daraja litabadilisha stendi za matatu, soko la Likoni na riziki ya kila kijana anayebeba mizigo kivukoni. Mnayo sababu ya kutosha ya kumwita mhandisi mkazi, yule anayesimamia kazi pale pale kwenye eneo la ujenzi, awaeleze, na mnayo nguvu ya kisheria ya kufanya hivyo bila kungoja Nairobi.

Na ninyi wananchi mnayo milango miwili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ilijibu ombi lako ndani ya siku 21, na inayokataa hushtakiwa kwa Mtetezi wa Umma. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata asipokuwa na wakili.

Tumeandaa rasimu ya ombi la namna hiyo. Inaomba Bunge la Taifa liagize ripoti ya kila miezi mitatu kuhusu daraja la Likoni, ikiambatanishwa na hati za malipo, vyeti vya vipimo na orodha ya nyongeza zote zilizoombwa, zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Inaomba pia kwamba wahandisi na mafundi wapewe njia ya kuiandikia kamati moja kwa moja bila kupitia kwa wakubwa wao, na kwamba daftari la fidia lisomwe hapa kabla ya malipo. Nakala ziko mezani kwa karani wa kikao. Naomba isomwe kifungu kwa kifungu kabla ya mtu yeyote kutia saini, na penye kasoro parekebishwe papa hapa. Baada ya hapo nitapokea maswali, na ningependa tuwaanzie wale ambao viwanja vyao vimeshapimwa.